Kopi ya MS 660 imekula pistoni ndani ya wiki tatu: niifufue au niuze chuma chakavu?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi niko Njombe, napasua mbao za paini kwa chensoo. Nilinunua kopi ya Stihl MS 660 ikiwa imeshafungwa kabisa, nikaifanyia kazi huku wiki mbili bila shida, halafu nikapata kazi ya mitiki upande wa Ifakara nikashuka nayo. Kabla ya kushuka niliongeza oili ya 2T kutoka ml 40 kwa lita mpaka ml 60 kwa sababu kule ni joto. Siku ya tatu ikaanza kulia juu sana, nikiachia mafuta haishuki haraka, nikadhani imechangamka, jioni ikazima ghafla kamba haivutiki. Nimefungua nikakuta pistoni imechubuka upande wa ekzosi, upande wa pili safi. Wenzangu wanasema huo ni mchina tupa. Je niifufue? Na ile ya vipande kwenye boksi nikiifunga mwenyewe itadumu? Binamu yangu naye ana chensoo ndogo ya 5800 anasema tupasulie hiyo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usitupe kitu, na usimuuzie mtu wa vyuma, maana ulivyoeleza tu inaonekana krenki na kreni kesi, yaani nyumba ya krenki, vyote viko hai, kilichokufa ni pistoni na labda silinda, na hivyo ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kwenye mashine hii. Pili, hongera kwa kufungua na kuangalia, wengi wanaleta kwangu mashine imeshapigwa nyundo hadi fini zimevunjika wakitafuta kwa nini haizunguki.

Sasa pistoni yako imeshasema kila kitu. Mashine ikikosa oili, yaani mtu katia petroli tupu, pistoni mara nyingi inachubuka pande zote, mbele na nyuma, na inakuwa kavu kabisa. Ikichubuka upande wa ekzosi peke yake maana yake imepata joto kupita kiasi, huko ndiko pistoni inakopata moto zaidi kwa hiyo inavimba huko kwanza, inagusa ukuta, aluminiamu inajipaka kwenye silinda na ringi inakwama. Joto hilo mara nyingi linatoka kwenye mchanganyiko mkavu, hewa nyingi petroli kidogo. Na ile kulia juu na kuchelewa kushuka ukiachia mafuta haikuwa kuchangamka, ndiyo sauti ya mashine inayokufa, nimeisikia mara nyingi mno. Ukiisikia tena zima hapo hapo hata kama gogo limebaki inchi moja.

Kwa nini ikauke Ifakara wakati Njombe ilikuwa sawa? Mambo matatu yamepandana, na mawili ni yako, usinichukie.

La kwanza ni mlima. Njombe mko kama mita 2,000 juu ya bahari, Ifakara iko chini kabisa kwenye bonde la Kilombero, mita 250 na ushee. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa kama asilimia 10, kwa hiyo kabureta iliyotuniwa Njombe inapewa petroli kidogo ili ilingane na hewa nyepesi ya huko. Ukishuka nayo bondeni bila kugusa skrubu mashine inavuta hewa nzito na petroli ni ile ile ya Njombe. Hapo tayari imekauka kabla hujakata mti hata mmoja. Wenye mashine orijino nao wanakutwa na hili, tofauti ni kwamba orijino ina nafasi kidogo ya kuvumilia na kopi haina.

La pili ndilo linalowashangaza watu wengi. Ulipoongeza oili kutoka 40 kwenda 60 ulikausha mchanganyiko zaidi. Fikiria hivi, kabureta haijui petroli ni ipi na oili ni ipi, yenyewe inapitisha kimiminika kwenye tundu dogo, kiasi kile kile. Ukiweka oili nyingi ndani ya kile kimiminika maana yake petroli imepungua, na hewa haijapungua. Halafu oili inafanya kimiminika kizito kinapita taratibu zaidi. Kwa hiyo mtu anayeongeza oili "kwa usalama" bila kufungua skrubu ya H, ile ya kabureta inayoongeza petroli ya mwendo wa juu, anaichoma mashine huku anaamini anailinda. Ml 40 ya mwanzo ilikuwa inatosha kabisa, hiyo ni moja kwa ishirini na tano, ndiyo wauzaji wengi wa kopi wanaandika. Mimi natumia ml 30 kwa lita nikiwa na oili nzuri ya 2T ya injini inayopozwa kwa hewa, siyo ile ya boti, ya boti imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Stihl wenyewe kwa oili yao wanasema ml 20. Chagua moja, tuni mashine kwa hiyo, na usibadilishe badilishe.

La tatu siyo lako, ni la mashine, na ndilo linalofanya niandike kirefu. Karibu kila kopi ninayofungua inavujisha hewa mahali fulani. Watu wanasema chuma cha mchina kibovu, mimi sikubali, krenki nyingi nazozipima ziko sawa, silinda nyingi ziko sawa. Kopi haifi kwa chuma, inafia hewa. Mtu kiwandani kafunga haraka, gasketi imekaa upande, klipu ya mpira haijakazwa, oili sili, ile ringi ya mpira inayoziba krenki inapotokea nje, imeingizwa ikajikunja mdomo, basi injini inavuta hewa ambayo haikupitia kwenye kabureta, na hiyo hewa haina petroli wala oili. Hata ukituni vipi leo, kesho ufa umepanuka kidogo na tuni yako imepotea. Kwa hiyo ukiifufua ukaweka pistoni mpya bila kutafuta uvujaji, pistoni mpya nayo inakwenda kule kule, na hapo ndipo utaapa kwamba mchina ni mchina.

Tuifufue sasa. Silinda kwanza. Ile alama ya fedha uliyoiona ukutani mara nyingi siyo mkwaruzo, ni aluminiamu ya pistoni imejipaka. Chukua kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ichanganye na maji kidogo, vaa glavu na miwani, kaa nje penye upepo maana inatoa gesi inayowaka, paka kwa pamba kwenye michirizi tu, itachemka, futa, rudia. Usiache iguse kingo za matundu ya ekzosi na ya kuingizia, hapo ni aluminiamu tupu italiwa. Kuna wanaotumia asidi ya vyooni, kwa silinda ya orijino wanafanikiwa, ila kopi nyingi zimepakwa kromu na asidi hiyo inakula kromu, achana nayo. Ikishatoka suuza kwa maji mengi kisha pitisha ukucha. Ukucha ukipita bila kukwama silinda ni nzima. Ukikwama, au ukiona ngozi imebanduka karibu na tundu la ekzosi, nunua silinda na pistoni pamoja, ya MS 660 ni milimita 54, na kiki yake, yaani mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu, ni 40, ndiyo zinaleta hizo cc 92 kasoro kidogo.

Silinda ikiwa mpya usiifunge ilivyo. Angalia kingo za matundu yote kwa ndani, mara nyingi zimeachwa kali kama wembe, ringi ikipita hapo kila zunguko inakatika ndani ya wiki. Zipunguze makali kwa msasa laini ulioviringishwa kwenye kidole, kidogo tu, unataka kingo iwe butu, hutaki kupanua tundu. Angalia pia njia za pembeni za kupandishia mafuta, kuna vipande vya aluminiamu vya kwenye kalibu vinaning'inia, vinyofoe vyote. Kisha osha kila kitu kwa petroli mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mara moja nimetoa mchanga wa kalibu kwenye mashine mpya kabisa ambayo mwenyewe alikuwa anaipeleka msituni kesho yake, bila huo ukaguzi ingemaliza nusu siku.

Pistoni inaingia mshale ukitazama ekzosi. Saklipu zilizokuja na kopi, vile viwaya vinavyoshikilia pini ya pistoni, tupa kule mbali, zile ndizo naziogopa kuliko kitu chochote humo ndani, zinachomoka zinalima silinda nzima na hapo hakuna kostiki ya kukusaidia. Nunua za orijino, ni hela ya soda kadhaa, na uwazi wake uelekee juu au chini, usielekee pembeni. Kama mfuko unaruhusu badilisha pia beringi ya sindano ya pini na ringi kwa zenye ubora. Ukiniuliza ni vitu gani vya kununua vya ubora kwenye mashine ya bei rahisi nakuambia saklipu, beringi ya pini, ringi, mpira wa petroli, plagi na kamba ya stata. Basi. Hayo mengine acha ya mchina yafanye kazi.

Kabla hujakaza silinda moja kwa moja, ingiza waya laini wa lehemu kwenye tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda, zungusha flaiwili kwa mkono pistoni ipite juu ili ibonde ile waya, toa upime unene wake kwa venia, ile rula ya kubana. Isipungue nusu milimita. Kwa kopi kawaida utakuta nafasi ni kubwa zaidi ya hapo, haina neno, nguvu inapungua kidogo lakini inadumu.

Sasa kipimo cha hewa, hapa tafadhali usiruke. Fundi wa mjini ana pampu yake maalumu, mimi natumia ile pampu ya mkono ya kupimia presha ya watu, ya zahanati, ukiisoma 300 ni kama baa 0.4 na inatosha kabisa. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, kimoja kizibe ekzosi kwa kukibana na mafla, lile bomba la moshi, kingine kizibe mdomo wa kuingiza kwa kukibana na kabureta, plagi ifungwe, halafu pampu ichomeke kwenye kile kimpira chembamba cha kupeleka mapigo ya injini kwenye kabureta. Jaza mpaka 300 uache. Sindano isishuke kwa dakika nzima. Ikishuka paka maji ya sabuni kila mahali utafute mapovu, na mimi nakutajia pa kuanzia ili usihangaike: ule mpira mkubwa kati ya kabureta na silinda na klipu yake, ile vali ndogo ya kupunguza presha juu ya silinda, gasketi ya chini ya silinda pale kreni kesi mbili zinapokutana, na oili sili mbili, ya upande wa klachi na ya upande wa flaiwili. Vali ya kupunguza presha mimi natoa kabisa naziba kwa bolti na washa ya shaba, mkono unapata taabu kidogo kuvuta lakini uvujaji mmoja umeisha maisha. Na kama kuna fundi pikipiki ana pampu ya kuvuta hewa ya breki muombe umpimie na upande wa kuvuta pia, kwa sababu oili sili inaweza kushikilia ukijaza na ikavujisha ukivuta, mdomo wake umeelekea upande mmoja. Wewe ulivyosema haishuki haraka ukiachia mafuta, mimi pesa yangu naiweka kwenye ule mpira mkubwa. Jaribio la haraka siku nyingine: mashine ikiwa silensa, yaani inaunguruma bila kupewa mafuta, igeuze ubavu huu na ubavu huu, sauti ikipanda upande mmoja kuna hewa inaingia.

Bolti zote wakati wa kurudishia futa mafuta, weka tone la gundi ya kufungia nati, ile ya bluu, hasa za mafla, mafla ya kopi inalegea ndani ya siku mbili inakula gasketi na kuchoma plastiki. Flaiwili na ncha ya krenki vifutwe vikauke kabisa kabla ya kukaza, hata grisi ya kidole inafanya iteleze na taimingi inahama. Koili iache nafasi ya kadi ya biashara moja kati yake na flaiwili. Plagi milimita 0.5.

Kutuni. Fanya mahali utakapofanyia kazi. Skrubu ya H na L funga taratibu mpaka ziguse, usikaze, fungua mzunguko mmoja kila moja, washa, ipashe moto. L ni ya mwendo wa chini, unatafuta pale inapopokea mafuta bila kusita, silensa cheni isitembee. H ndiyo ya uhai: mafuta yote bila kukata kitu, isikike inakohoa kohoa kwa mbali, kama inaguguma, halafu ukiingiza kwenye gogo ile guguma iishe ilie safi. Ikilia safi hewani bila mzigo umeikausha, fungua H kidogo, robo ya robo. Kama una kile kipima mzunguko cha bei rahisi kwa kopi nisingevuka 12,000. Na kumbuka wewe unapasua mbao, mashine iko mafuta yote dakika nyingi mfululizo ndani ya gogo refu, siyo kama mtu wa kuangusha anakata anapumzika. Mpasuaji inabidi awe na H iliyolowa kidogo kuliko mwangushaji. Matenki matatu ya kwanza fanya kazi nyepesi, kata matawi, usiweke kwenye gogo la kupasua siku ya kwanza hata kama mwenye mbao anapiga simu.

Hiyo ya kwenye boksi: ndiyo, mimi naipendelea kuliko iliyofungwa, kwa sababu iliyofungwa utaifungua tu, sasa kwa nini umlipe mtu kufunga vibaya. Ramani ya MS 660 iko kila mahali, Stihl wenyewe walishahamia MS 661, na vipuri vingi vinaingiliana na orijino, hiyo ndiyo raha ya kopi hii. Ila uwe na siku mbili za utulivu. Sehemu inayowashinda watu ni beringi za krenki. Usipige nyundo! Krenki ilale kwenye friza usiku kucha, kreni kesi iwekwe kwenye oveni au juu ya jiko la umeme mpaka tone la maji likidondoka lichemke liruke, beringi inadondoka yenyewe kama yai kwenye kiota. Krenki uliyoipiga nyundo hata mara moja imeshapinda, utaona mtetemo kwenye mikono baadaye na hutajua umetoka wapi. Na mafundi wa boksi wanasahau breki ya cheni, ukimaliza kuunga washa, ipe mafuta, sukuma breki kwa mkono wa mbele, cheni isimame papo hapo, isiposimama mashine hiyo haiendi msituni.

Matunzo ya kila siku hayana mengi. Filta isafishwe jioni na ukingo wake upakwe grisi kidogo kwa sababu za kopi hazikai vizuri, iangalie kwa kuielekeza juani, ukiona nukta ya mwanga tupa. Paini ina ulimbo, unashikamana na unga wa mbao kwenye fini za silinda inakuwa kama blanketi, fungua kava kila Jumamosi ukwangue kwa kijiti. Baa, ule upanga unaobeba cheni, igeuzwe juu chini kila unaponoa kwa kirefu, mtaro wake ukwanguliwe. Mafuta ya cheni, nawaomba, acheni oili chafu ya gari, imejaa unga wa chuma unaosaga pampu na baa, na siyo salama kwa ngozi unayorushiwa kutwa nzima. Oili mpya ya bei ya chini ni bora. Kuna jamaa anatumia mawese, Ifakara yanatiririka vizuri, Njombe asubuhi ya Juni yanaganda pampu haivuti kitu.

Cheni ya 3/8 inanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 5.2, vile vinundu vya mbele ya jino vinavyopima kina cha kukata viwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Cheni ya dukani imenolewa digrii 30 kwa kukata kwa upande, wewe unapasua kwa urefu, irudishe mpaka digrii 10 polepole kila ukinoa, mbao inatoka laini na mashine inapumua. Ukiona inatoa unga badala ya vipande acha kusukuma, noa. Kusukuma cheni butu ni njia nyingine ya kufika kwenye pistoni iliyochubuka.

Kuhusu 5800 ya binamu: pima silinda yake, nyingi ni milimita 45.2 na kiki 34, piga hesabu utapata cc 54 na nusu, hiyo 58 ni ya stika. Ni mashine nzuri ya kuni, ya kupogoa na ya kukata miti midogo ya miwati, ila kwenye gogo la kupasua itapika ndani ya mwezi. Muombe akuazime ya kukatia matawi wakati yako iko mezani, na ukishuka tena Ifakara fungua H kabla hujavuta kamba.